Kapera Aliyefagia Ngazi za Bremen

Sehemu ya kumi na moja

Kwanza tuwahesabu waliokuwapo, ili baadaye asitokee mtu wa kusema hakuwapo.

Jumamosi ile ya Oktoba, mwaka 1986, saa sita kasoro robo mchana, mbele ya kanisa kuu la Bremen, walikuwapo hawa: Hauke Brüning, karani wa bandari, aliyetimiza miaka thelathini asubuhi hiyohiyo; mama yake, Bi Gesine, mwenye kikapu cha keki; Onno, rafiki wa Hauke tangu darasa la kwanza; Heidrun Stöckle, fundi saa kutoka Ulm, mchumba wa Hauke, ambaye angetangazwa kwa ukoo kesho yake mezani kwa kahawa; na Roswitha, rafiki wa Heidrun na msaidizi wake dukani, aliyesafiri naye Ijumaa. Walikuwapo pia wanaume wapatao kumi wenye chupa mikononi, mzungusha kinanda mmoja, na wapita njia wasio na idadi.

Wa mwisho kufika alikuwa mwanamke mwenye koti la baharia na mfuko wa turubai begani. Huyo hakualikwa na mtu.

Wiki iliyopita tulimwacha Heidrun kwenye ngazi ya tatu, midomo yake ikiwa shubiri moja tu kutoka kwa midomo ya Hauke. Busu hilo lingemfungua Hauke kutoka kwenye ufagio, maana ndivyo Bremen inavyomtendea mwanamume anayefika thelathini bila mke: hufagia vizibo vya bia vilivyomwagwa kwenye ngazi za kanisa, mbele ya mji mzima, mpaka msichana asiye na mume amhurumie. Lingemfunga Heidrun vilevile. Jumatatu barua yake ingekwenda kwa Mzee Rapp, mwenye nyumba ya duka kule Ulm, kumwambia kwamba duka la saa la marehemu baba yake analiacha, anahamia kaskazini kwa mume. Barua ilikuwa imekwisha kutiwa saini. Ilikuwa kwenye mkoba wa Roswitha, ikisubiri neno.

Hapo ndipo mwanamke yule wa koti la baharia alipopaza sauti:

"Mwacheni afagie mpaka kiama! Huyo si kapera. Huyo ni mume wangu!"

Kinanda kikanyamaza katikati ya wimbo.

Kisha wanaume wenye chupa wakaangua kicheko.

"Onno, huyu umemtoa wapi? Mzaha safi kabisa!"

"Si wangu," Onno akajibu, naye akicheka, lakini kwa mashaka. "Mimi nimeleta vizibo, kinanda na pombe. Mke sikuleta."

Hauke alikuwa amesimama na ufagio wake uliokatwa nyuzi nusu kwa makusudi, kichwani kofia ndefu nyeusi, mwilini koti lenye mkia alilovalishwa kwa nguvu tangu saa tatu asubuhi.

"Mama huyu simjui," akasema.

"Hunijui?" Mwanamke akapanda ngazi ya kwanza, na vizibo vya bia vikalia chini ya viatu vyake vizito. "Miezi kumi na minane napika kwenye meli, nafunga chungu kwa kamba kisinikimbie. Narudi Alhamisi. Nafungua gazeti, nakuta picha yako ya utotoni, umevaa kaptura, na chini maneno: Hauke wetu anafika thelathini, bado kapera, Jumamosi anafagia. Nikasema, lo! Basi mimi kule Denmark niliolewa na nani?"

"Mama, umechanganya watu," Roswitha akaingilia. "Heidrun, mbusu tuondoke zetu. Wendawazimu hawakosi kila mji."

Heidrun hakubusu. Miaka kumi na mitano ya kusikiliza saa ilimzoeza kuutambua mlio unaowahi kabla ya wakati wake, na sauti ya Roswitha iliwahi.

"Jina lako nani, dada?" akamuuliza mgeni.

"Tomke. Tomke Brüning. Zamani Harms."

"Una ushahidi wowote?"

"Cheti kiko nyumbani, kwenye chumba changu. Nimekuta chumba kimefungwa kwa kufuli nisilolijua."

Heidrun alikijua chumba hicho. Hauke alimwambia kimejaa vitu vya marehemu shangazi, na kwamba kukifungua kunamtia simanzi.

"Lakini ninacho kitu kimoja," Tomke akaendelea. Akauteremsha mfuko wa turubai kwa uangalifu, kama mtu ateremshaye mtoto aliyelala. "Saa ya meli, ya shaba. Ya babu yangu. Iligoma kwenda tangu alipokufa. Nilimwachia mume wangu, nikamwambia aitafutie fundi wa kweli, popote alipo. Leo asubuhi nimeikuta ukutani inakwenda. Nimeibeba, sikuona sababu ya kuiacha kwake."

Wote waliokuwa karibu wakausikia mlio wake ndani ya turubai.

Msomaji anayetufuata tangu sehemu ya kwanza anaikumbuka saa hiyo. Ndiyo iliyomleta Hauke dukani kwa Heidrun Januari mwaka huu. "Ni ya babu yangu," alisema siku ile. Heidrun aliitengeneza kwa majuma sita, akakataa ujira, na alipoifunga skrubu ya mwisho moyo wake ulikuwa umekwisha kwenda.

"Nyuma ya uso wa saa hiyo kumechorwa kitu," Heidrun akasema polepole. "Hakionekani mpaka ufungue skrubu nne. Ni nini?"

Hauke akafumba macho.

"Shakwe," Tomke akajibu. "Shakwe mwenye mguu mmoja. Babu naye alikuwa na mguu mmoja. Alimchora kwa ncha ya msumari, akasema huyo ndiye yeye."

Heidrun akamgeukia Hauke.

"Nilikuuliza nani alimchora ndege yule. Unakumbuka uliniambia nini?"

Hauke akainamia ufagio wake.

"Uliniambia ulimchora wewe, ukiwa na miaka sita, mama yako akakuita chakulani kabla hujamaliza mguu wa pili. Hauke, niliulilia mguu ule!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Heidrun, nisikilize," Hauke akaanza. "Tulioana harakaharaka, siku mbili kabla hajapanda meli. Sherehe tungeifanya mkataba wake ukiisha. Basi miezi ikapita, nikakutana nawe, nikaona..."

"Mkataba umeisha," Tomke akasema. "Nimerudi kufanya sherehe."

"Na ufagio je?" Onno akauliza. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Kaka, mimi na wewe tulikaa dawati moja. Mwaka mzima nimekusanya vizibo kwa ajili yako. Nimevijaza bafuni, mke wangu anaoga kwa kuviruka. Na wewe umeoa, hukuniambia?"

"Ningekataaje kufagia?" Hauke akapandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Mlinivamia kitandani na kinanda! Ningewaambia nini?"

"Kwamba umeoa," Onno akajibu. "Ni neno moja tu, kaka. Tungerudi nyumbani na pombe yetu."

Nyuma yao kikasikika kilio. Bi Gesine alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, kikapu cha keki magotini.

"Nilikuambia, Hauke," alisema. "Nilikuambia mwambie binti huyu kabla ya siku ya kufagia."

Heidrun alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye jiwe alilolikanyaga. Usiku uliotangulia Bi Gesine alimnywesha chai kwa kikombe chake cha maua ambacho hakimpi mtu, akamketisha kwenye kiti cha marehemu mumewe.

"Mama Gesine. Na wewe ulijua?"

"Nilikiona cheti, mwanangu. Nikasema atayamaliza mwenyewe. Mtoto ninaye huyu mmoja tu."

"Ukanipa kikombe chako."

"Nilikupenda. Hilo halikuwa uongo."

Juu ya ngazi watu walikuwa wamezidi kujaa. Mzee mmoja wa Kibremen, kamba ya mbwa wake mfupi mkononi, akatoa hukumu bila kuombwa:

"Utaratibu ni utaratibu! Amekwisha kuanza, lazima afagie mpaka abusiwe. Na mwenye mume habusu. Ni msichana asiye na mume, basi."

"Sikia hilo, Hauke," Tomke akasema. "Hata ningetaka kukuokoa, siruhusiwi. Na sitaki."

"Upande wa kushoto bado, kapera!" sauti ikatoka kwa wapita njia ambao hawakuelewa kitu. Konzi la vizibo likamiminwa miguuni pa Hauke, likateremka ngazi kwa kelele.

Hauke akapiga goti katikati ya takataka zile.

"Heidrun. Wewe huna mume. Nibusu mara moja tu, kinanda kiondoke, tukayazungumze nyumbani kama watu."

"Nyumbani kwa nani?" Heidrun akauliza.

Hauke akaokota kizibo kimoja, akakizungusha vidoleni.

"Nyumbani kule nimekwenda mara tisa," Heidrun akaendelea, "na mara zote tisa umenipitisha ua wa nyuma, katikati ya baiskeli. Ulisema kitasa cha mbele kimekwama."

"Kimekwama?" Tomke akashangaa. "Mlango wa mbele mzima kabisa. Na kengele yake ina kibao nilichokipigilia kwa mkono wangu: H. na T. Brüning."

Jana yake, Ijumaa, Hauke alimpeleka Heidrun kwenye sanamu ya punda wa shaba, kando ya ukumbi wa mji, akamfundisha kuishika miguu yake na kuomba haja. "Shika kwa mikono miwili," alimwonya. "Ukishika kwa mmoja, watu wa hapa watasema punda anamsalimia punda mwenziwe." Heidrun alishika kwa mikono miwili. Sasa alijiuliza ni nani aliyekuwa akimcheka zaidi, watu au shaba.

"Mbona huyo alipita mlango wa mbele?"

Ni Bi Gesine aliyesema. Kidole chake kilikuwa kimemwelekea Roswitha.

Roswitha akarudi nyuma hatua moja.

"Mwezi wa tatu," Bi Gesine akasema, sasa akiwa amefuta machozi, kama mtu aliyeamua kuutua mzigo wote kwa mara moja. "Wewe, mwanangu, ulimtuma aje na saa hii kwa treni, ili isipigwepigwe na posta. Hauke alikuwa kazini. Mimi nilikuwa namwagilia maua yake. Binti huyu akabonyeza kengele, na nilipomfungulia, neno lake la kwanza halikuwa salamu. Akaniuliza: T. ni nani? Nikamweleza yote. Nikamsihi akuambie kwa upole, maana mimi sikuwa na uso wa kukuambia. Akasema, niachie mimi. Pasaka ukaja tena ukicheka. Nikajua hajakuambia. Nami nikanyamaza."

Heidrun aliukumbuka mwezi huo wa tatu barabara. Roswitha alirudi Ulm, akavua glavu, akasema: "Nyumba nzuri, mtaa mtulivu. Hama upesi, shoga yangu, wanaume kama huyo hawapatikani."

"Mwezi wa tatu," Heidrun akasema. "Sasa ni wa kumi. Asubuhi zote hizo tumekunywa kahawa benchi moja. Roswitha, kwa nini?"

"Si mahali pake hapa. Watu wanatutazama."

"Watu wametutazama tangu saa tano. Kwa nini?"

Roswitha akainua kidevu. Alipojibu, sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomwumiza Heidrun kuliko maneno yenyewe.

"Miaka kumi na moja nimekaa nyuma yako. Nusu ya saa zinazotoka pale zimetengenezwa na mikono hii. Lakini mlangoni pameandikwa Stöckle, na mteja akiingia anamuuliza Stöckle. Ungeujua ukweli, usingehama. Usingehama, ningezeekea kwenye kigoda kile. Sikukutafutia mume mimi. Ulimtafuta mwenyewe. Mimi nilinyamaza tu."

"Ungeniomba tushirikiane."

"Ungenikubalia?"

Swali hilo Heidrun hakuwahi kujiuliza, na alijua kwamba siku moja lingemdai jibu. Lakini si leo.

"Nipe barua yangu."

"Barua gani?"

"Ya Mzee Rapp. Nilikukabidhi, nikakwambia isiondoke mpaka nikwambie kwa mdomo wangu. Ufungue mkoba huo. Nipe."

Roswitha akaufungua mkoba, akaugeuza wazi mbele ya wote. Mlikuwa na kitana, leso na tiketi ya treni.

"Nimeitia posta," akasema. "Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga. Sanduku la njano lililo kwenye kona ya kwa Bi Gesine."

"Mungu wangu," Bi Gesine akanong'ona. "Sanduku hilo hufunguliwa saa nne."

Hapo kengele za kanisa zikaanza kupiga saa sita, na kwa dakika nzima hakuna aliyeweza kusema. Heidrun alisimama katikati ya mlio huo akimwona Mzee Rapp kama alivyo: miwani puani, kisu cha kufungulia bahasha mkononi, mzee ambaye akisha kusoma karatasi yenye saini, hata mwenye saini hawezi kumbembeleza. Mwisho wa mwezi funguo zirudishwe. Benchi lichukuliwe na Roswitha. Ndivyo alivyoandika yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, akiwa na furaha. Na kibao cha baba yake kingeshushwa mlangoni na mkono uliokunywa naye kahawa.

Barua iliyotoka Bremen Jumamosi hufika Ulm Jumatatu. Tarishi hupita mtaa wa Mzee Rapp saa nne asubuhi. Karatasi ambayo haijasomwa bado ni karatasi tu.

Kengele zilipotua, Onno akapiga kelele:

"Jamani, rafiki yenu! Anakimbilia tramu!"

Kweli. Roswitha alikuwa amekwisha kuuvuka uwanja, koti linapepea, mkoba kifuani. Milango ya tramu ikamfungukia, ikamfungia. Tramu ikaondoka kuelekea stesheni.

"Anamwahi mwenye nyumba!" Hauke akasema, akaruka kusimama, kofia ndefu ikamwanguka. "Heidrun, twende! Nitakusindikiza. Nitamweleza mzee yule kila kitu, nitakuwa shahidi wako!"

"Wewe?" Heidrun akasema. "Wewe uwe shahidi wa ukweli?"

Wale wanaume wenye chupa wakatazama chini.

Heidrun akaiokota kofia, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akamrudishia Hauke kichwani, sawasawa, kama anavyorudisha kioo cha saa mahali pake. Kisha akauokota ufagio, akamtia mkononi.

"Tomke," akaita. "Umeyasikia aliyoyasema Roswitha juu ya barua?"

"Neno kwa neno."

"Mzee Rapp hataniamini mimi peke yangu. Atasema nimegombana na mchumba, hasira zitaisha. Nahitaji mtu asiye wangu."

Tomke alimtazama mumewe kwa muda, akamtazama mwanamke aliyeifanya saa ya babu yake iende tena. Akauinua mfuko wa turubai, akautia begani.

"Nimelala melini miezi kumi na minane," akasema. "Treni si kitu."

"Lakini yule amekwisha kutangulia," Onno akasema.

"Hakutangulia popote. Treni ya kufika Ulm leo imebaki moja, ya saa nane kasoro dakika kumi. Atatusubiri stesheni, apende asipende," Heidrun akamjibu.

Bi Gesine aliinuka, akanyoosha kikapu chake kwa mikono miwili. Heidrun hakukipokea, wala hakukisukuma. Alipanda ngazi mbili zaidi, mpaka akasimama juu yao wote. Hakupaza sauti sana, ila mzungusha kinanda aliutoa mkono kwenye mpini, na hata mbwa wa yule mzee akatulia.

"Nasema mbele yenu nyote, ili asitokee wa kusema hakusikia. Hauke simbusu, na nawaomba wasichana wa mji huu wasimbusu kabla hajazimaliza ngazi zote. Kesho mezani kwa kahawa msiniwekee kikombe. Mimi na Tomke tunapanda treni ya saa nane kasoro kumi, na tutaketi mkabala na Roswitha, magoti kwa magoti, mpaka Ulm. Na Mzee Rapp, kabla tarishi hajamfikia, atasikia kwa mdomo wangu kwamba duka la Stöckle halifungwi."

Akashuka. Vizibo vikalia chini ya miguu yake. Watu wakampisha.